Mposaji wa Miaka Ishirini na Minane

Mwanamume yule alikuja kumposa mjukuu wangu akiwa na miaka ishirini na minane. Nasema akiwa nayo kama mtu anavyokuja akiwa na mwavuli. Aliibeba kwapani, akaiegemeza mlangoni, na kila alipohisi matone akaifungua.

Alifika Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo wakimbiaji wote wa Iten wameshamaliza mazoezi ya kwanza na wamejinyoosha juani kama mijusi. Magari yalikuwa mawili. La mbele lilikuwa Prado nyeupe, safi mpaka magurudumu, na njia ya kuja kwetu ni vumbi jekundu tangu lami inapoishia. Maana yake alisimama mahali akaipangusa. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Anayepangusa gari njiani hakosi kingine anachokipangusa.

Alishuka. Miwani nyeusi, koti la michezo lenye bendera kifuani, na saa ya mkononi iliyokuwa inamhesabia mapigo ya moyo. Nywele zake zilikuwa nyeusi, lakini weusi ule uliopitiliza ukaingia buluu. Hata kunguru angemuuliza anatumia dawa gani.

Huyo ndiye Kimosop. Bingwa wa mbio za nyika za vijana, kisha mita elfu kumi, kisha nusu marathoni, sasa marathoni nzima. Redio ilimtaja mpaka betri zikaisha. Na huyo ndiye mwanamume ambaye Jesang wangu, binti wa mwanangu Chelanga, alikuwa anampenda mpaka nikawa namwonea haya kwa niaba yake.

Nilijuaje? Jesang ana miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ni kuwakanda wanariadha kambini. Siku nzima mikono yake iko kwenye mapaja na visigino vya watu, na mimi sisemi kitu, kazi ni kazi. Jioni hurudi akinuka mafuta ya mkaratusi, na kabla hajagusa sufuria huenda kwenye beseni akanawa mpaka viwiko. Ila siku alizomkanda Kimosop hakunawa. Alikuwa anakaa tu jikoni, mikono mapajani, viganja vimetazama juu kana kwamba ndani yake kuna maji na anaogopa yatamwagika. Chai yake nilikuwa nakoroga mimi.

Sasa tuwarudie wageni. Msemaji wa mposaji alikuwa ami yake, mzee Cheboi, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu na tabasamu lisilo na meno ya mbele. Jesang akatoka kuwasalimu. Kwa mzee Cheboi aliinamisha kichwa, kama mtoto wetu yeyote anavyomsalimu mkubwa wa baba yake, na mzee akamwekea kiganja utosini akasema, "Ukue." Kisha akafika kwa Kimosop. Hao walipeana mikono kama watu wa ofisi, wakiangaliana viatu. Lakini mkono wa msichana ulichelewa kurudi nyumbani.

"Habari ya safari?" Jesang akauliza.

"Safari ilikuwa ndefu mpaka nilipokuona," Kimosop akajibu.

Kutoka Iten mjini mpaka kwangu ni dakika ishirini. Nikakohoa.

Chelanga alikuwa bado shambani, lori la viazi limekwama naye. Wageni ikabidi wamsubiri, na wa kuwaliwaza nikawa mimi. Niliwaketisha uani kwenye vigoda. Kimosop aliposhuka kukaa, magoti yake yalilia kama kuni mbichi motoni. Akakohoa kuyafunika. Nikajifanya sikusikia, na nikamimina mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni.

Mzee Cheboi alikunywa kikombe chake kwa pumzi moja. Kimosop alikitazama chake kwa muda.

"Kogo, hii ina nini ndani?" akauliza, akiniita bibi kwa lugha yetu.

"Maziwa."

"Na huu weusi?"

"Mkaa wa kusugulia kibuyu. Kwani wewe ulikuzwa kwa soda?"

"Ni mambo ya vipimo, Kogo. Mwanariadha wa kimataifa haingizi tu kitu mwilini. Lazima kijulikane."

"Basi ukipimwa waambie ndani ya damu yako kuna ng'ombe wangu Taprandich, yule mwekundu. Wakitaka kumhoji, yuko."

Mzee Cheboi alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kimosop naye akacheka, meno ya mbele tu, akaweka kikombe chini bila kukigusa. Mursik yangu! Watu hurudi kutoka ng'ambo na medali shingoni, wakashuka kwenye ndege wakililia kibuyu, na huyu anataka kwanza kusoma cheti cha maziwa. Nilimdharau pale pale, polepole, kama mtu anavyokunywa chai ya moto.

"Wanasema umezunguka dunia," nikamwambia.

"Nchi kumi na nane, Kogo."

"Ukaziona?"

"Niliona barabara."

"Barabara hata hapa ipo, na hatuombi pasipoti."

"Ukiwa mbele huangalii pembeni," akasema, akavua miwani ili anitazame vizuri. Lilikuwa kosa. Pembeni mwa macho yake kulikuwa na mikunjo, ile ya mtu aliyekunja uso juani kwa miaka mingi kuliko aliyoandikiwa. "Nilianza nikiwa mdogo sana. Mbio za dunia za vijana chini ya miaka ishirini, medali ya dhahabu. Sasa nina ishirini na minane, bado nina muda. Nina hamu ya kutulia. Nina hamu ya mtu mmoja tu wa kunipokea nikirudi."

Alisema hayo akitazama mlango wa jiko, ambako Jesang alikuwa anapepeta mchele usiokuwa na mawe. Na hapa niseme kweli: macho yake pale hayakuwa ya uongo. Alimtazama yule msichana kama mtu anavyotazama mstari wa mwisho akiwa bado ana kilomita mbili za kukimbia. Ingekuwa rahisi zaidi kumsimulia kama asingempenda.

"Nyinyi ni wa ng'ambo ya Kerio, sivyo?" nikauliza, nikijikuna mguu.

"Ndiyo, Kogo. Chini kabisa, karibu na mto."

"Maskini. Basi yale mafuriko ya El Nino yaliwanyanyasa."

"Kogo, usiseme!" Uso wake wote ukafunguka. Kwa mara ya kwanza siku ile akawa mtu wa kawaida. "Mto ulikuja na miti mizima. Ulikuja na mlango wa nyumba, na juu ya mlango amekaa kuku, ametulia kama abiria! Mbuzi wetu walibaki upande wa pili. Nikaingia. Niliwavusha kumi na mmoja, mmoja mmoja, mabegani. Maji yalinifika hapa."

Akagusa kifua chake, juu ya bendera.

"Yalikufika wapi?"

"Hapa."

"Na siku hizo hapo palikuwa umbali gani kutoka ardhini?"

Mimi nikainua mkono wangu na kuanza kuhesabu kwa vidole, mbele yake, bila haraka. Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu ya kutoa nilikuwa naipenda.

"El Nino, wewe ulikuwa na mwaka mmoja," nikasema. "Mbuzi kumi na mmoja. Sishangai ulipata medali."

"Ni... ni hadithi ya nyumbani, Kogo. Tunaisimulia kama vile tulikuwepo. Aliyevusha ni kaka yangu."

"Ahaa. Kaka."

"Kaka gani?" mzee Cheboi akadakia, kikombe cha pili mkononi, sifa za ukoo zimempanda kichwani. "Huyu ndiye wa kwanza kwa mama yake! Wale mbuzi alivusha yeye mwenyewe, nilikuwa nimesimama ng'ambo nampigia kelele. Tena lile dume kubwa tulilichinja Desemba iliyofuata, siku anatoka jandoni..."

Akajiziba mdomo kwa kikombe. Alikunywa na kilikuwa kitupu.

Jandoni Desemba ile. Nikaweka mkono wangu chini.

Mtu akipunguza miaka ni shauri lake na karani aliyemwandikia. Nilikuwa tayari kucheka nimalize. Lakini waliotoka Desemba ile, bonde zima, huku na ng'ambo, walikuwa wa mwisho wa rika la Nyongi. Mlango ulifungwa nyuma yao. Waliofuata ni Maina. Na mwanangu Chelanga ni Nyongi. Yeye aliingia na wa kwanza, huyu aliingia na wa mwisho, lakini nyumba ni moja. Na binti wa mwanarika wako ni binti yako. Humposi. Ukimkuta njiani unamwekea mkono kichwani unamwambia akue.

Nilipogeuka nikamwona Jesang mlangoni na ungo. Alikuwa amesikia yote. Mchele ulikuwa unamwagika upande mmoja, punje kwa punje, na kuku wanaukimbilia.

Kimosop alisimama. "Kogo, naomba nikamsaidie Jesang kuteka maji."

Bingwa wa dunia kuteka maji. Nikamwambia tangi liko nyuma ya nyumba. Kisha nikakumbuka kwamba nahitaji kuni, na kuni zangu pia ziko nyuma ya nyumba. Sikuzihitaji, lakini mwanamke wa umri wangu hawezi kukaa bila kuni.

Nilisimama upande huu wa rundo la kuni. Wao walikuwa upande ule, karibu na tangi, bomba limefunguliwa na hakuna ndoo.

"Nilijua wewe si wa ishirini na minane," Jesang alikuwa anasema.

"Nani alikuambia?"

"Paja lako la kushoto, huku nyuma. Kuna mahali msuli uliraruka ukapona, ukararuka tena ukapona. Mimi nakanda vijana wa ishirini na minane kila siku, Kimosop. Nyama yao haina historia ndefu hivyo. Nilikukadiria thelathini na nne, thelathini na tano. Nikasema haidhuru, siku moja ataniambia mwenyewe."

"Kama haidhuru, basi haidhuru."

"Sikujua ni rika la baba."

Maji yaliendelea kumwagika. Maji ya tangi langu!

"Nilikuwa nakimbia peku," Kimosop akasema kwa sauti ya chini. "Umri wangu wote wenye nguvu ulipita hivyo, hakuna aliyeniona. Halafu mtu akaja akasema kuna nafasi moja ya safari, lakini ni ya vijana. Akaniandikia cheti. Nina wadogo sita. Wewe ungekataa?"

"Labda nisingekataa. Sikulaumu kwa hilo."

"Unanilaumu kwa lipi?"

"Bado sijakulaumu. Baba atafika sasa hivi, na kabla hajauliza, mwambie. Mzee wa pale juu ya shule alimwoa binti wa mwanarika wake. Wazee walimtoza kondoo, wakamtukana kutwa nzima, jioni wakamtafutia njia. Wana watoto watano. Na wewe watakutukana, basi. Mimi nitasimama pale mlangoni mpaka wamalize."

"Jesang, mle ndani kutakuwa na ami zako, na majirani. Neno moja likitoka hapa litafika kwa shirikisho la riadha kabla nyama haijaiva. Nina marathoni ya Ureno baada ya wiki sita. Watarudi nyuma wafute kila kitu, medali, muda wangu, mkataba wa viatu. Nitabaki nani?"

"Utabaki Kimosop wa miaka karibu arobaini anayekimbia marathoni kwa saa mbili na dakika sita. Mimi huyo namwona mkubwa kuliko yule mwingine. Vijana wenye miguu mipya wanakufukuza na hawakupati. Hujui ninavyojisikia nikikukanda. Najiambia, hii miguu imeshapita miaka thelathini na bado inanitisha."

Nilichungulia kati ya magogo, na msinilaumu. Kimosop alikuwa ameushika uso wa Jesang kwa mikono miwili, na vipaji vyao vya uso vimegusana. Yule msichana alifumba macho. Mikono yake ilikuwa imeshika koti la yule mwanamume kiunoni, imelikunja, kama mtu anayeshikilia mzigo juu ya lori linalokimbia. Hata mimi, niliyemdharau tangu kwenye magurudumu ya gari, nilisema moyoni: sema, mjinga wewe. Sema na nitakutolea huyo kondoo mimi.

"Nipe miaka miwili," akasema. "Nistaafu. Halafu nitasema kila kitu."

"Na hiyo miaka miwili mimi nitakuwa mke wa nani?"

"Wangu. Huniamini?"

Jesang akafungua macho. "Nakuamini mpaka utakapoulizwa."

Akafunga bomba.

Chelanga alifika na udongo wa viazi mpaka nyusi. Ana miaka hamsini, ana kitambi, na mbio alizoshindwa darasa la sita zilimtosha maisha. Akanawa, akasalimia, akakaa. Ami wawili wa Jesang wakakaa, majirani wakajibana ukutani. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, na Jesang alikuwa nje ya mlango huohuo, ninasikia pumzi yake.

Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye meno. Jesang akanitazama kupitia upenyo na kutikisa kichwa: mwache aulizwe.

"Tuanze," Chelanga akasema. "Ukoo?"

Mzee Cheboi akataja ukoo wao, wa ndovu. Sisi ni wa nyuki. Hapakuwa na tatizo, watu wakanung'unika kwa furaha.

"Na kijana ni wa rika gani?"

Mzee Cheboi akazungusha fimbo. Akaizungusha tena. Yule mzee alikuwa amekuja kudanganya miaka, na miaka angeidanganya mpaka jioni bila kutoka jasho, maana miaka ni mambo ya makaratasi. Lakini hili alilifikia akasimama kama punda aliyefika mtoni.

"Nimekuja kumsemea yote," akasema hatimaye. "Ila hilo mtu hujisemea."

Macho yote yakamhamia Kimosop. Alitazama mlango. Sijui kama aliona kitu, lakini ile saa yake ya mkononi ikaanza kulia pi, pi, pi, ikimwambia moyo unakwenda kasi. Akaifunika kwa kiganja.

"Maina," akasema.

Pumzi ya nje ya mlango ilikatika.

"Maina!" Chelanga akapiga paja kwa furaha. "Afadhali! Nilipoingia nikakuona ulivyokaa, magoti mbele hivyo, nikasema huyu amekaa kama mmoja wetu. Kumbe ni mtoto! Nyinyi Maina tunawajua. Mlipelekwa jandoni na blanketi mbilimbili na mkate wa siagi!"

Watu wakacheka. Ni mzaha wa kawaida, Nyongi huwatania Maina na Maina huwatania Nyongi, na anayetaniwa lazima arudishe. Angeweza kutabasamu tu. Angeweza kutazama chini. Lakini mwongo akishaaminiwa hupata raha.

"Afadhali sisi wa blanketi," Kimosop akasema kwa sauti ya juu. "Nyongi wamebaki kupenda viti na supu. Mwanarika wa Nyongi ukimwona anakimbia, jua amefukuzwa na mkewe!"

Kicheko kikapasua nyumba. Chelanga ndiye aliyecheka kuliko wote, machozi yanamtoka, mwanangu mwenyewe. Mzee Cheboi hakucheka. Aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa fimbo. Aliyaona macho yangu, akayakimbia.

Basi nikasikia beseni linainuliwa nje.

Jesang aliingia na maji ya kunawa, taulo begani. Alikuwa amenawa uso. Nyama ilikuwa tayari, wote wakanyoosha mikono. Hakwenda kwa mzee Cheboi kwanza, kama inavyotakiwa, wala kwa baba yake. Alivuka chumba kizima mpaka mbele ya Kimosop, akaweka beseni chini.

Kisha akainamisha kichwa.

Aliinamisha kama watoto wanavyoinamisha, shingo imelegea, utosi mbele. Akasubiri.

"Shikamoo," akasema polepole. "Nibariki, baba."

Na mkono wa Kimosop ukainuka.

Haukuomba ruhusa. Miaka ishirini na kitu, huko kwao, kila mtoto wa kila mwanarika wake amemletea kichwa namna ile, barabarani, sokoni, mazishini. Mkono haukusoma pasipoti. Ulipanda wenyewe, ukatua juu ya zile nywele alizozitamani miaka miwili, ukatulia pale kama baba wa watu, na midomo yake tayari ilishaanza, "Uku..."

Akashtuka. Akauondoa kama aliyeshika sufuria ya moto.

Nje ng'ombe mwekundu alikuwa anatafuna, na mimi nilimsikia.

"Kwa nini binti yangu anamwita..." Chelanga akaanza. Hakumaliza. Alimtazama Kimosop, akatazama mkono ule uliobaki hewani bila kazi, kisha akamgeukia mzee Cheboi. "Mzee. Huyu alitoka lini?"

"Desemba ya baada ya mafuriko," mzee Cheboi akasema, na alionekana kama mtu aliyetua gunia. "Mlango ulifungwa nyuma yake."

Chelanga nilimzaa mimi, na sikujua atafanya nini. Mwishowe akasukuma sinia la nyama mpaka mbele ya mgeni.

"Kula, mwanarika," akasema. "Mwenzangu haondoki kwangu na njaa, hata aliyenikana mbele ya mama yangu. Kula mpaka ushibe. Lakini binti yako humwoi."

"Jesang," Kimosop akasema. Alisimama, na magoti yakalia tena, safari hii hakukohoa. "Jesang, tafadhali. Wewe unajua kwa nini."

Alikuwa ameshainua kichwa. Nilitarajia machozi, na machozi yalikuwepo, lakini yalikuwa nyuma kabisa, kama wakimbiaji walioachwa.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutaka hata ungekuwa na hamsini. Ulihitaji kondoo mmoja tu, na aibu ya nusu saa. Mtu anayevumilia kilomita arobaini na mbili ameshindwa nusu saa." Akamnyooshea taulo. "Futa mikono, baba. Unatoka jasho."

Aliipokea ile taulo. Nitakumbuka hilo mpaka nizikwe: aliipokea, akafuta, akairudisha imekunjwa vizuri. Halafu akavaa miwani yake mle ndani ya nyumba na akatoka. Prado iliondoka taratibu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na vumbi, maana kuku wangu walikuwa wameoga chini yake. Mzee Cheboi alibaki. Alikula, akaomba mursik ya tatu, akarudi na gari la pili jioni akiwa rafiki wa nyumba.

Jioni hiyo nilimwambia Jesang, "Nina kalamu, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu. Nikiwaandikia shirikisho mistari mitatu tu..."

"Acha, Kogo."

"Miwili."

"Acha akimbie. Kila atakapomaliza watamtangaza, wa miaka ishirini na minane, na watu watapiga makofi. Na yeye atakuwa anajua kuna nyumba moja wanacheka."

Nikaacha. Lakini kalamu sikuitupa.

Siku zikapita mbili, Jumatatu ikafika. Jesang alirudi kutoka kambini kwa kuchelewa kidogo. Nilikuwa jikoni, nasugua kibuyu. Alinukia mafuta ya mkaratusi. Akakaa mahali pake, mikono mapajani, viganja juu, na moyo wangu ukaanguka.

"Alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Zamu ilikuwa yangu. Akalala kwenye kitanda cha kukandia, akageuza uso ukutani."

"Na wewe?"

"Nikamkanda, Kogo. Saa nzima. Ni kazi."

"Akasema nini?"

"Aliniita jina langu mara moja. Nikamwambia alegeze goti."

Nilisugua kibuyu. Nilitaka kuuliza na niliogopa kuuliza, nikauliza.

"Na miguu? Bado inakutisha?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayekumbuka njia aliyopita zamani.

"Ni miguu ya baba wa mtu," akasema. "Nimeikanda kwa heshima."

Akasimama. Akaenda kwenye beseni, akamimina maji, akachukua sabuni ya kufulia, ile kubwa ya kipande, na akanawa. Alinawa viganja, akanawa katikati ya vidole, akapanda mpaka viwikoni. Akamwaga yale maji nje, mbali, kisha akamimina mengine na kuanza upya.